Tembo ya Shaba Juu ya Processeur

Kazi moja, tarehe 8 mwezi wa tisa

Marehemu baba yangu, muntu wa Kasongo, alikuwa anaandika "Jumatatu" mu daftari yake. Mimi nilizaliwa Lubumbashi. Naandika "kazi moja", maana njo siku kazi inaanza. Na leo imeanza kweli!

Ordinateur, kompyuta ya mutoto wetu Mounira, imekufa. Portable ya zamani, kioo chake kilikuwa kinashikwa na skochi. Asubuhi ililia mara mbili, ikanyamaza. Nikasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bibi yangu Rachida akanikemea: maneno ile ni ya bantu, hapana ya bintu. Ningefanya nini? Mutoto analia, baba anatafuta neno. Lile njo lilikuja mbele.

Sasa jambo lenyewe. Mounira iko mwaka wa mwisho wa architecture. Kazi ine ya juma lijalo, tarehe 18, atasimama mbele ya jury na kazi yake ya mwisho: shule ya Lukafu yenye paa isiyopika batoto wakati wa joto. Plan zote ziko salama mu clé USB. Zimebaki picha za mwisho, zile zinaonyesha nyumba kama imekwisha kujengwa, na jua, na batoto mu kiwanja. Picha zile zinataka ordinateur ya nguvu. Bila picha, hakuna jury. Bila jury, mwaka umeanguka, na bureau moja ya mjini yenye ilimwahidi nafasi kuanzia mwezi wa kumi itachukua muntu mwingine.

Siku kumi tu!

Nilimwambia apanguse machozi. Mambo ya ordinateur amwachie baba yake. Miaka makumi mbili na tano nafua shaba. Sahani zangu zenye picha ya tembo ziko mpaka Ulaya, mu nyumba za bazungu. Kisanduku kimoja cha waya kitanishinda?

Rachida alisema: Mungu atusaidie. Nikajibu amina. Ni jioni tu njo nilifikiri vizuri namna alivyolisema.

Kazi mbili, tarehe 9

Mounira amenifundisha. Ndani ya ordinateur kuna kintu kidogo, kinaitwa processeur. Njo kichwa, njo kinafikiri. Majina makubwa ni mawili: Intel na AMD. Banagombania soko miaka mingi, kama vile Mazembe na Lupopo mu mupira. Mwaka huu mumoja anapita, mwaka kesho mwingine anarudi. Kwa hiyo, anasema mutoto, usiulize nani mukubwa. Uliza kazi yako ni gani, bei ni gani, na itamaliza kwa muda gani.

Nikasema ni maneno ya hekima. Kisha akaongeza kwamba anataka processeur ya cœurs sita. Mioyo sita! Nilishtuka. Mwenyezi Mungu alitupa moyo mumoja kila muntu, na ule mumoja tu unatusumbua. Nikaona nisiingize nyumbani kintu chenye sina hakika nacho. Nikapita kwa Shehe Idriss kuuliza. Akasema kuku ana mabawa na muntu hana, na bado tunafuga kuku. Nimeandika jibu lile hapa. Sijalielewa, lakini limenituliza.

Kurudi, nikakutana na shemeji Zakari, kaka mukubwa wa Rachida. Fundi cherehani, duka lake liko mbele ya barabara, hapa hapa Bel-Air. Anashona boubou za nakshi, na tangu mwaka jana nakshi zile zinachorwa na ordinateur. Ni mukwe, namheshimu. Namheshimu mpaka meno yananiuma. Bila kuulizwa, akasema: "Shemeji, usipoteze wakati. Chukua AMD kama yangu. Halafu uniite nikuwashie, maana wewe utaivunja."

Palepale nikajua: Intel.

Kazi tatu, tarehe 10

Leo mjini, na Mounira, kwa Clovis. Huyu Clovis anauza ordinateur anazozifunga mwenyewe, mu kaduka nyuma ya banki. Muntu mupole, lakini anapenda kusema. Alikuwa nazo mbili, kila kintu sawasawa, isipokuwa kichwa. Moja ina Intel, moja ina AMD, zote mioyo sita. Ya Intel dola mia ine na makumi mbili. Ya AMD dola mia ine kamili.

Mounira akaweka shule yake ya Lukafu mu zote mbili, pamoja, tukahesabu na telefone. Intel ilimaliza picha moja kwa dakika ine na segonde kumi na moja. AMD, dakika ine na segonde makumi mbili. Tofauti segonde kenda! Mounira akapiga hesabu ya kichwa. Picha ziko kumi na mbili, basi tofauti yote haifike dakika mbili. Na dola makumi mbili zinatosha kuchapisha kazi nzima na rangi. Akasema: "Baba, hapa, leo, AMD njo inatufaa. Kesho bei ikigeuka, na siye tutageuka."

Mutoto amesoma. Lakini kusoma si kuona. Wakati banahesabu segonde, mimi nilikuwa nimeinama natazama ndani. Juu ya processeur ya AMD kulikuwa radiateur yenye tumbo la shaba. Shaba nyekundu, safi, niliipiga na kucha nikaisikia. Na juu ya Intel? Aluminium tupu! Kama sufuria! Na bado ile ya aluminium njo ilimaliza mbele. Sasa nauliza: kama inakimbia vile na kofia ya aluminium, itakimbia namna gani siku itavaa shaba?

Hakuna muntu mu duka lile alifikiri ulizo hilo. Ni mimi tu.

Clovis akajaribu kunieleza. Radiateur hazikutoka na processeur, ni yeye anaweka ile anayo. Processeur yenyewe iko chini yake, ndogo kama biskuti. Radiateur na ventilateur yake ya kupuliza upepo, kazi yao ni kuondoa joto, basi. Nilicheka. Mukubwa hakai chini ya mutumishi wake! Nimekaa karibu na mine, machimbo ya shaba, maisha yote, nimeona nani anashuka chini na nani anabaki juu.

Kazi ine, tarehe 11

Nimenunua. Intel!

Nilienda peke yangu, Mounira alikuwa kwa directeur wa kazi yake. Clovis aliniuliza mara mbili kama mutoto anajua. Nikasema ni surprise. Akasema surprise na jury hazikai nyumba moja. Nimesema, huyu muntu anapenda kusema.

Mounira aliporudi aliona jina juu ya kisanduku. Hakukasirika. Akasema: "Sawa, Baba. Hii pia ni muzuri. Tutachapisha bila rangi." Maneno yale yalinichoma kidogo. Kwa hiyo nikamwomba asiiguse mpaka yenga, Jumapili ya baba yangu, kuna kakazi nataka kuiongezea. Akauliza kazi gani. Nikasema kazi ya mapendo. Akaniangalia namna mama yake ananiangaliaga. Alikubali tu sababu directeur amemupa kurasa makumi tatu za kurekebisha na kalamu.

Kidogo kidogo ataelewa. Siku moja atasimulia bajukuu.

Ijumaa, tarehe 12

Siku hii naandika kama baba yangu. Ijumaa ni Ijumaa.

Baada ya sala, nje ya muskiti, shemeji Zakari akasema mbele ya bantu bote: nasikia shemeji yangu Fundi Bahati amenunua ile ingine ili mimi nisifurahi. Uongo! Yaani, ni kweli, lakini alijuaje? Rachida!

Palepale bantu bakagawanyika. Muuza makala ya kupikia akasema Intel. Muuza samaki akasema AMD, na akaapa. Hakuna hata mumoja kati yao amekwisha kuona processeur. Mzee mumoja akasema yeye iko upande wa ile ya bei muzuri. Bakamuuliza ni gani. Akajibu: "Ile mutanionyesha." Shehe Idriss akatoka akasema hapa ni mahali pa sala, mashindano mufanyie nyumbani. Na yeye mwenyewe atakuja kushika saa.

Basi ni yenga, baada ya adhuhuri, sebuleni kwangu. Zakari ataleta machine yake, mimi yangu, picha moja ya Mounira. Sikutaka kiburi kiniingie. Nilisali rakaa mbili, nikaomba Mungu aniondolee kiburi, na pia anipe ushindi.

Mchana nikaanza kazi. Bamba la shaba, milimita tatu. Nilitaka kuandika Bismillah juu yake, halafu nikaona si adabu kuweka neno la Mungu mahali pa joto. Basi tembo. Munyama wa nguvu, mukonga juu.

Siku ya posho, tarehe 13

Imeisha! Kilo moja na gramme mia munane. Tembo ya kweli, masikio mapana, mpaka makunyanzi ya magoti yanaonekana. Nimefanya sahani mingi mu maisha, lakini hii, Mungu anisamehe, nilikaa mbele yake nikasahau chai.

Kisha nikafungua radiateur ya Clovis. Aibu! Chini yake kulikuwa uji wa kijivu, umepakwa juu ya processeur kama dawa ya meno. Fundi gani anauza kazi bila kuipangusa? Nikasafisha yote na kitambaa, mpaka processeur ikang'aa na maandishi yake yakasomeka. Tembo nikaisugua na limao na majivu. Halafu vernis ya kung'arisha, mbele na nyuma, mara tatu. Kazi yangu haitoke bila vernis. Nikafunga na vis ine, skurubu zake zenyewe. Ikakaa kidogo kombo. Tembo anatembea, haikatazwe.

Ventilateur ilikosa mahali pa kukaa. Ilikuwa na makelele hata vile. Nimeifunga ku batri ya zamani, sasa inapepea moto mu mbabula yangu ya atelier. Makala yanawaka kama nini! Bintu viwili vimepona kwa siku moja.

Na radiateur ya aluminium nikamupa jirani Mwape, yeye anayeyusha aluminium na kumwaga sufuria. Akashukuru. Kabla ya alasiri akaniletea kifuniko, kingali na joto. Rachida amefunika maharagi nacho. Amesema ni mara ya kwanza ordinateur inasaidia mu nyumba hii.

Yenga, tarehe 14

Naandika tu yale yalitokea.

Sebule ilijaa, bengine bakabaki mulangoni. Zakari alikuja na boubou mupya, kama ni ndoa yake. Shehe Idriss na saa yake mukononi. Machine zote mbili juu ya meza, yangu imefunikwa. Nikavuta kitambaa. Tembo! Jua la dirisha likaipiga. Bantu balisema "Aaaah". Hata Zakari alinyamaza. Nilihesabu: segonde tano. Kama ningekufa pale, ningekufa na furaha.

Mounira akatoka jikoni. Akatazama tembo. Akauliza kwa sauti ndogo: "Baba, ventilateur iko wapi?" Nikamujibu shaba haihitaji upepo. Akafungua kinywa aseme neno, lakini Shehe alikuwa amekwisha kusema Bismillah, na mimi nimekwisha kubonyeza.

Ilianza muzuri! Ukuta ulitokea. Nusu ya paa ikatokea. Halafu giza. Kimya. Kama muntu amepuliza koroboi.

Nikawasha tena. Mara hii paa haikuonekana. Mara ya tatu haikufika hata mulango wa shule. Na harufu! Vernis yangu ilianza kulia, bantu bakakohoa, Rachida akafungua madirisha yote. Upande wa pili, machine ya Zakari ilikuwa inatembea polepole tu, kama bibi mwenye maji kichwani, na kwa dakika tano na kitu ikafika. Zakari akanishika bega: "Shemeji, hii hapana ordinateur. Umefua mbabula!" Bantu bakafa na kicheko. Muuza samaki alikaa chini.

Nikasema yangu njo ilitangulia kuonyesha ukuta. Shehe akajibu kwamba saa yake haina alama ya ukuta.

Nilikuwa na mengi ya kujibu. Halafu nikaona Mounira. Alikuwa pa ngazi ya nje, clé USB mu ngumi. Halii. Kulia kungekuwa afadhali. Akanieleza taratibu, bila kunitazama. Processeur ikipata moto sana inajizima yenyewe, isife. Ule uji wa kijivu njo unapitisha joto. Vernis inalifungia ndani. "Lakini haijakufa, Baba. Rudisha tu radiateur yake."

Nikageuka. Nikatazama sufuria ya maharagi.

Kazi moja, tarehe 15

Mwape anasema kifuniko hakirudi kuwa radiateur. Nilimuuliza mara tatu. Anasema hata kama angejua njia, mama ya nyumba amekwisha kukipenda.

Nilienda mjini na kifuniko, nikafikiri Clovis akikiona atapata wazo. Alikishika. Alikigeuza. Akavuta kiti akakaa. Akasema: "Papa Bahati, miaka yote nauza, ni wewe wa kwanza kupika radiateur." Nikamushukuru. Lakini hana ingine ya kuingia mu Intel yetu. Zake ziko mu lori pa Kasumbalesa, ku mupaka, zitafika siku ya posho, baada ya jury, kama Mungu akipenda. Aliita ku telefone bafanya biashara babili: mumoja hana, mwingine anayo, lakini ni kubwa kuliko kisanduku. Na ile machine ya AMD? Aliiuza Ijumaa kwa mwalimu mumoja. Nikauliza kama naweza kuazima radiateur ya shemeji, ile ya AMD. Akatikisa kichwa. Matundu ya vis hayafanane. Hata kofia habaazimane, hao babili!

Mu institut, shule ya Mounira, ordinateur za nguvu ziko mbili, na batoto makumi tatu mu orodha. Mounira ni wa makumi mbili na kenda. Zamu yake ni kazi tano, siku moja baada ya jury.

Jioni nikapata wazo. Barafu! Nilitaka kuweka vifuko vya barafu juu ya mugongo wa tembo. Mounira alinitoa barafu mukononi, akairudisha jikoni. Kisha akasema: "Baba, Bel-Air yote machine ni moja tu inaweza kunisaidia. Unajua iko kwa nani." Nikaenda kusali. Nilisali muda murefu, mpaka Rachida akaja kuona kama nimelala.

Kazi mbili, tarehe 16

Kwa mukwe hauende mikono mitupu. Nilinunua jogoo mweupe.

Zakari alikuwa nyuma ya cherehani, na bakiriya bane banangoja nguo zao. Aliniacha nimesimama na jogoo. Akauliza kwa upole mubaya nimekuja kwa jambo gani. Nikasema. Akasema, eeh, lakini machine yake ni AMD, na nasikia kwangu AMD haisifiwe. Basi niseme tu kwamba AMD ni muzuri.

Nilitazama jogoo. Jogoo alinitazama. Nikamufikiri Mounira pa ngazi, na ngumi ile.

Nikasema: "AMD ni muzuri."

Hakusikia, cherehani ina makelele. Nikasema tena. Akasema yeye amesikia, lakini yule mama pa mulango labda hakusikia. Mara ya tatu nilipiga kelele mpaka jogoo akawika. Bakiriya bakapiga makofi! Mama wa mulangoni akaomba nirudie, ilikuwa tamu.

Halafu Zakari akafanya jambo lenye sikungojea. Akazima cherehani. Akasimama. Akawaambia bakiriya nakshi zao zitachelewa siku mbili, anayekasirika arudishiwe kitambaa. Akang'oa waya za machine mwenyewe. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Mounira ni mutoto wangu pia. Ungekuja jana, bila jogoo, ningekupatia." Akaibeba begani mpaka kwetu, na boubou yake ya kazi, jasho linamutoka. Jogoo alimuchukua pia.

Ni vigumu sana kumuchukia muntu kama huyu. Lakini nitajitahidi.

Kabla ya magharibi, picha zote kumi na mbili zilikuwa tayari. Shule imesimama Lukafu, na jua, na batoto mu kiwanja. Mujomba wake njo alilipa rangi.

Kazi ine, tarehe 18

Jury!

Tulikaa nyuma: mimi, Rachida, na Zakari katikati, sijui nani alimuweka pale. Mbele, baprofesa batatu. Mounira alisimama na koti la dada ya jirani. Picha zilipita ukutani. Bantu bakasema "Aaaah", na mara hii giza halikuja.

Profesa mumoja wa miwani, uso kama mulango uliofungwa, akauliza. Kwa nini paa mbili, na nafasi tupu katikati, na matundu pembeni? Bati moja tu ina bei ndogo. Wazazi ba Lukafu hawalipe nafasi tupu!

Nilishika mukono wa muntu wa karibu. Ulikuwa wa Zakari.

Kisha mutoto akatabasamu. Akasema: "Monsieur le Professeur, nyumbani tuko na fundi mumoja muzuri sana wa shaba. Juma lililopita alichukua kintu kinachotoa joto, akakifunika na chuma kizito, chenye kupendeza, bila upepo, bila njia ya joto kutoka. Kwa dakika moja kikazimika mbele yetu sote. Tuliona. Lakini batoto chini ya bati moja hawazimike vile. Banalala tu juu ya meza, na mwalimu anasema ni bavivu."

Yule wa miwani alianza kucheka mabega kwanza, halafu tumbo. Akauliza ilikuwa chuma ya namna gani. Mounira akasema: "Tembo." Jury yote ikapotea mu kicheko. Walipomaliza kupangusa macho, yule wa miwani akaandika muda murefu.

Grande distinction, alama za juu!

Rachida alipiga vigelegele mpaka mulinzi akaja kuona nani amekufa. Mimi nililia mu kofia yangu. Fundi mumoja muzuri sana wa shaba! Alisema vile, mbele ya baprofesa. Na Zakari alisikia, alikuwa palepale, masikio yote mawili.

Siku ya posho, tarehe 20

Alhamdulillah. Lori limepita mupaka, siku moja mbele ya ahadi. Jana Clovis alikuja mwenyewe na radiateur na ventilateur mupya, akapaka uji wake wa kijivu, na akaomba mimi nikae nje ya chumba. Nilikaa nje, kwa heshima. Intel inatembea muzuri. Mounira anaanza kazi mwezi wa kumi, na bureau imekwisha kumutumia barua.

Nimefikiri sana siku hizi. Bantu banasema nilikosea. Lakini tufuate mambo kwa utaratibu. Bila tembo, hakuna hadithi. Bila hadithi, profesa hacheke. Bila kicheko, grande distinction ingetoka wapi? AMD ya shemeji ilitoa picha tu, na picha kila muntu alikuwa nazo. Kwa hiyo shaba njo ilipita jury. Nimeeleza Rachida. Alitoka chumbani, nadhani kwenda kufikiri.

Mounira hata vile ameniapisha. Mukono juu ya moyo, mbele ya mama yake na Shehe Idriss: sitafungua tena ordinateur, yake wala ya muntu yeyote, mpaka siku yangu ya mwisho. Nimeapa. Muntu wa dini akiapa, ameapa.

Asubuhi hii nyumba ni kimya. Rachida na Mounira bameenda kwa Zakari kumushukuru, batarudi saa kumi. Nilibaki jikoni na chai yangu, na nikasikia frigo inanguruma. Nikaivuta kidogo kutoka ukutani, kuangalia tu. Nyuma yake, tangu juu mpaka chini: vyuma vyeusi, vyembamba, vya bure. Hata tone moja la shaba! Mu nyumba ya fundi!

Na tembo iko pale juu ya kabati, haina kazi.

Nimetafuta mu kiapo changu neno kwa neno. Habari ya frigo, hakuna muntu aliniapisha.